Namba ya Tatu

Watu wakinitambua, iwe stendi ya Mugumu au kwenye foleni ya kutolea hela, huanza na kicheko. "Wewe si yule dada wa kwenye televisheni? Uliyemuuliza mtu saro kwenye simu?" Ninakubali, maana kukataa kunachosha zaidi. Kinachofuata ni swali la hela: nilipata kiasi gani, nilizifanyia nini. Sijakutana na mtu aliyeniuliza habari za yule mwanamume wa upande wa pili wa simu. Walimsikia kwa nusu dakika, wakamcheka, wakamsahau. Mimi sijapata bahati hiyo.

Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya watalii karibu na lango la Ikoma. Kazi yangu ni kutabasamu, kugawa funguo na kujibu maswali yaleyale kila siku: kama nyumbu wameshafika, kama maji ya bomba yanafaa kunywa, kama fisi anaweza kufungua zipu ya hema. Sijali, kwa sababu kujibu maswali ndiyo tabia yangu tangu utoto. Kwetu Matongo nilijulikana kwa domo, na aliyenipa domo hilo ni kaka yangu.

Tulikuwa wawili kwa mama yetu, yeye na mimi. Baba alitutoka mapema. Kaka alikuwa na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila Jumamosi kulikuwa na kipindi cha chemsha bongo cha wanafunzi. Alijibu kabla ya wanafunzi wenyewe, huku mikono yake ikiendelea kukamua ng'ombe. Tulishindana, na aliyeshindwa alikwenda kisimani. Nilibeba maji utoto wangu wote. Akiniacha nishinde, basi ujue siku hiyo ndoo ilikuwa ile ndogo.

Alipotahiriwa alijijengea kibanda chake upande wa lango, kama vijana wote wa kwetu. Kuanzia hapo mama hakutia mguu mle ndani. Mama wa Kikurya hakanyagi mahali anapolala mwanawe aliyekwisha kuwa mwanamume. Chakula atakiacha mlangoni, atakohoa, ataondoka. Nakumbuka kaka aliposhikwa na malaria hata akawa anaongea ovyo. Mama alikaa nje, mgongo wake ukiegemea ukuta wa udongo, akizungumza naye kupitia ukuta huo mchana kutwa, nami nikiingiza vikombe vya uji. Kaka hakuwa anaelewa anachoambiwa. Aliitikia tu.

Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani, kisha akaenda kwenye maduara. Ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoyaita mashimo yao ya dhahabu, na Matongo wakati huo yalikuwa yamechimbwa hadi kando ya mashamba ya mtama. Watu walikuja kutoka Geita, Kahama, Shinyanga, wakapanga vyumba kwa majirani zetu, wakajifunza matusi ya Kikurya kabla ya salamu. Kaka alisema atachimba mwaka mmoja apate ada ya chuo. Alitaka kuwa mwalimu.

Duara lake liliporomoka msimu wa mvua. Zamu ile haikuwa yake. Mchimbaji mmoja aliyetolewa akiwa hai aliapa kwamba alimwona kaka akishuka na kamba kumshikia zamu mwenzake mgonjwa. Mwingine akaapa kwa nguvu ileile kwamba alfajiri hiyo alimwona juu ya bodaboda, ana begi mgongoni, anaelekea Sirari, mpakani na Kenya. Mama alisimama ukingoni akiliita jina la kaka mpaka sauti ikamkauka na wanaume wakamshika mabega wakamrudisha nyuma. Walichimba kwa sepetu na ndoo, kuta zikaanza kumeguka tena, viongozi wakasimamisha kazi. Mwishowe duara likafukiwa. Kulifungua upya kungetaka kijiko, ile mashine ya kuchimbia barabara, na hakuna mtu Matongo aliyekuwa na uwezo wa kukodi kijiko.

Ndipo mama, mbele ya watu waliokuja kukaa nasi, akasema: "Mwanangu amekwenda Kenya." Alisema mara moja tu. Watu wakatazamana, wakakunja mikeka yao, wakaondoka. Jirani yetu, mama mmoja Mjaluo, alirudi siku nyingine kumshauri kwa upole. Kwao, alisema, mtu akipotea bila mwili huzikwa tunda la mwegea badala yake, ili roho ipate pa kukaa. Mama alimpa chai, akamuuliza habari za kuku wake.

Mimi niliamini kaka yuko chini. Sijui kwa nini niliamini hivyo. Labda kwa sababu kumshikia mtu zamu ni jambo ambalo angelifanya, na kuondoka bila kuniaga si jambo ambalo angelifanya. Lakini katika nyumba ambayo mama amesema mtu yuko Kenya, huwezi kulia. Nilimchukia mama kwa hilo. Nilirudi Ikoma kwenye funguo zangu na machozi yangu yote ndani, na nilipokwenda likizo niliyakuta yananisubiri palepale. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya duara. Watu walikuwa wamepitisha njia ya mkato juu yake, wakienda kisimani na kurudi. Mama peke yake ndiye aliyezunguka, ndoo kichwani, akipita kwenye mawe ya pembeni. Nilidhani anaogopa utelezi.

Kila jioni aliipiga namba ya kaka. Kila jioni yule mwanamke wa kwenye mitambo alimwambia kwamba namba haipatikani. Nilizoea kuisikia sauti ile ikitoka kwenye simu yake ndogo wakati tunasubiri ugali uive.

Halafu, katika likizo moja, mama alipopiga, namba ikaita. Nilikuwa nachambua mboga. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, na sote wawili tukaisikia sauti ya mwanamume: "Haloo?" Aliinuka, akaenda nyuma ya ghala, na nikamsikia akizungumza Kikurya kwa sauti ya chini, muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza nami. Aliporudi alichuchumaa akapuliza moto.

"Amepokea," alisema.

"Amesema nini?"

"Amesema ee."

Ninafanya kazi mapokezi. Najua kwamba laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hugawiwa mtu mwingine. Maneno hayo yalinifika kwenye ulimi, nikamtazama mama usoni, nikayameza. Kuanzia siku hiyo alizungumza na yule mtu kila jioni. Alinenepa kidogo. Akaanza kuimba akikamua. Ningepata wapi moyo wa kumwambia?

Shindano la televisheni nililiingia kwa ujumbe wa simu, zamu ya mchana, wakati hakuna wageni. Lilikuwa lile la maswali yanayopanda ugumu, na hela zinapanda pamoja nayo. Nilijibu maswali ya mchujo, wakanipigia, wakanihoji, wakaniita Dar es Salaam. Wenzangu walinitania kwamba nitarudi na gari. Sikutaka gari. Nilitaka kijiko. Nilitaka kulifungua lile duara, nimtoe kaka yangu, nimzike nyuma ya nyumba ya mama mahali tunapopajua, kisha nilie mpaka nichoke. Mama nilimwambia nataka kujenga.

"Basi shinda," akasema.

Waandaaji walitaka namba za watu watatu ambao ningeweza kumpigia mmoja wao nikikwama. Nilimwandika mhasibu wa hoteli na mwalimu wangu wa zamani wa jiografia. Namba ya tatu nilikuwa bado naitafutia mtu, nikiwa nyumbani jikoni, mama aliponiambia, "Mwandike kaka yako."

"Mama..."

"Mwandike. Yeye anajua mambo."

Niliandika ili tusigombane. Nilijua watu wa televisheni wangeipiga kwanza kuhakiki, wangemkuta mtu baki, wangeifuta, na mimi ningeweka mtu mwingine bila mama kujua. Siku chache baadaye walinipigia nikiwa kaunta. Msichana wa upande wa pili alikuwa mchangamfu. Wote watatu wamethibitisha, alisema. "Na kaka yako amefurahi sana! Amesema siku hiyo hataiacha simu."

Mgeni mmoja alikuwa ananiomba taulo. Nilimpa ufunguo wa chumba cha mtu mwingine.

Sitaki kuzipamba siku zilizofuata. Niliogopa. Kama aliyethibitisha ni kaka, basi alikuwa hai siku zote hizi na aliamua kutonipigia mimi. Kama siye, basi kuna mtu mahali fulani analivaa jina lake na kumla mama yangu moyo taratibu, na siku moja angemwomba auze ng'ombe amtumie hela. Ningeweza kumaliza wasiwasi huo kwa kupiga simu tu. Niliibonyeza namba mara nyingi, nikakata kabla haijaita. Ilimradi sijapiga, kaka alikuwa na nafasi ya kuwa hai, hata kama ni hai wa kuniudhi. Redio ya upepo ya askari wa hifadhi ilipokoroma pale getini nilikuwa nainua kichwa, nikidhani nimeitwa.

Studio ilikuwa na baridi ya kijinga. Walinipaka poda usoni, wakanichomeka kipaza sauti, wakachukua simu yangu. Mwendesha kipindi alikuwa mtu mwenye adabu, ananiita dada. Nikaketi, taa zikawaka, maswali yakaanza, na likanitokea jambo ambalo sikulitarajia: kila swali liliposomwa nilimsikia kaka akijibu. Sisemi nilikumbuka. Nilimsikia, nyuma ya sikio langu la kushoto, upande ule aliozoea kukaa na redio yake, akijibu kabla sijamaliza kufikiri, kwa ile sauti ya mtu anayekuonea huruma kwa kuwa utabeba maji. Nilirudia alichosema. Watu wakapiga makofi. Nilipanda na kupanda, na nilipaswa kufurahi, lakini nywele zilikuwa zimenisimama.

Kisha likaja swali la mfupa. Mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa binadamu uko wapi: kidole cha mguu, pua, sikio, au kifundo cha mkono? Hatua ile ilitosha kijiko, mafuta yake, na jeneza. Nilisubiri jibu kutoka nyuma ya sikio langu. Hapakuwa na kitu. Kimya kile kilinitisha kuliko sauti.

Msaada wa kuuliza hadhira nilikuwa nimeshautumia. Nikaomba kupiga simu. Majina matatu yakatokea kwenye kioo. Mhasibu wetu ana vitabu na ana kichwa kizuri. Mtu mwenye akili angemwita mhasibu.

"Kaka," nikasema.

Simu iliita mara moja tu. "Haloo dada, nipo tayari. Soma swali."

Sauti nzuri, ya taratibu. Kiswahili laini kisicho na Ukurya hata tone. Nyuma yake watoto wengi walikuwa wakiitikia kitu kwa pamoja. Saa ilianza kurudi nyuma kwenye kioo, na swali lilikuwa mbele yangu limeandikwa kwa herufi kubwa, sikulisoma.

"Saro yako ni ipi?" nikamuuliza.

Kwetu, vijana wanaotahiriwa msimu mmoja hupewa jina moja, na hilo ndilo saro yao mpaka wanaingia kaburini. Mwanamume wa Kikurya anaweza kusahau tarehe aliyooa. Saro hasahau. Wazee watakuuliza saro kabla ya jina lako, na wakishaisikia wanajua umri wako, wenzako ni akina nani, na mahali pa kukuketisha. Sikuwa na njia fupi zaidi ya kumjua kaka yangu.

"Samahani, dada?"

Nikarudia kwa Kikurya. Wewe na wenzako, mlipotoka jandoni, mliitwa nani?

Watoto waliendelea kuitikia. "Dada," akasema, na safari hii sauti ilikuwa imebadilika, "soma swali, muda unakwisha."

"Wewe ni nani?"

"Soma swali. Tafadhali."

Simu ikakatika. Saa kwenye kioo ilikuwa imefika sifuri. Mwendesha kipindi aliniangalia kama anayetaka kunipa maji. Nikasema kidole cha mguu. Lilikuwa sikio. Nikaporomoka mpaka kwenye zile hela za chini ambazo huwezi kunyang'anywa, na hizo baadaye zilinunua bati za jiko la mama. Nilipokuwa natoka, msichana wa poda aliniambia huku anajifuta macho kwamba kipindi changu kitakuwa kizuri kuliko vyote. Nilitamani kumzaba kofi.

Niliomba ruhusa ili siku ya kurushwa kipindi niwe Matongo. Nilipanga kumwambia mama ukweli kabla hajauona. Nilijiandalia maneno njia nzima kutoka Mugumu, na juu ya bodaboda niliyasema kwa sauti mpaka dereva akaniuliza kama ninazungumza naye. Nilipofika nilimkuta mama amevaa kitenge kipya. Alikuwa ametangaza kijiji kizima. Mdomo ukanikataa.

Tuliangalia kwenye kile kibanda cha kuonyeshea mpira karibu na maduara. Wachimbaji wa Geita walikuwepo, wazee wetu walikuwepo, mama amewekewa kiti cha plastiki mbele kabisa. Kila nilipopata swali walishangilia kana kwamba ni bao. Mimi nilisimama nyuma, mlangoni. Likaja swali la mfupa. Nikajiona nikisema "Kaka." Wazee wakageuka kumtazama mama. Halafu sauti ya yule mtu ikajaa kibanda, na mama akapiga kofi moja kwa furaha, akamwambia jirani yake, "Ndiye huyo!"

Nikajisikia nikiuliza saro. Wanaume wa Kikurya waliguna kwa kuridhika, wakisubiri jibu. Jibu halikuja. Nikajisikia nikirudia kwa Kikurya.

"Huyo si Mkurya," mzee mmoja akasema.

"Tapeli," akasema mwingine. "Tapeli wa simu."

Wakacheka, kwanza wachache, kisha wengi. Mama aliinuka, akarekebisha kitenge chake, akatoka bila kuniangalia.

Nilimfuata. Jua lilikuwa limeshuka lakini mwanga ulikuwepo. Nilimpata kwenye njia ya kisimani, na pale pale nikayamwaga yote, bila mpangilio wowote nilioupanga: kwamba laini iligawiwa upya, kwamba nilijua tangu siku ya kwanza, kwamba yule ni mtu baki, kwamba kaka yuko chini, amekuwa chini siku zote, na mimi nilitaka zile hela nimtoe. Mama hakusimama. Alitembea mbele yangu kwa mwendo wake wa siku zote mpaka tulipofika kwenye duara, akaacha njia, akapita kwenye mawe. Mimi nilikuwa naongea, sikutazama miguu. Niliendelea moja kwa moja.

"Toka hapo," akasema.

Nikasimama.

"Toka juu ya kaka yako."

Niliruka pembeni kama niliyekanyaga moto. Mama alikuwa upande wa pili, mikono yake imeshika ncha za kitenge. Akazungumza, kwa Kikurya, na kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia.

"Unadhani siijui sauti ya niliyemzaa? Siku ya kwanza tu aliniitikia kwa Kiswahili. Mwanangu anaweza kuniitikia mimi kwa Kiswahili? Nikajua si yeye. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema, nikasema. Nilimwambia hapa ndipo mwanangu alipolala na watu wanampita juu. Hakuelewa hata neno. Akasema ee, mama. Kesho yake akasema ee, mama."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe?" Alinitazama. "Wewe unajibu kila kitu."

Nilimuuliza kuhusu Kenya. Akasema kama angekubali kwamba amekufa wangempa msiba wa siku zao, wangekula, wangetawanyika, kisha wangemwambia anyamaze. Nilimuuliza kuhusu kijiko. Akaniuliza kama ningependa kumwona kaka yangu akitolewa kwa meno ya chuma, mkono hapa na mguu kule.

"Yule mtu ni mwalimu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kuchoka. "Nasikia watoto wanasoma nyuma yake. Nikamwambia kwa Kiswahili changu hiki kibovu, saidia dada yako. Akasema ee, mama. Nilikutafutia mwalimu, wewe ukamtahini mbele ya watu."

Mchana wa kesho yake niliipiga ile namba, na safari hii sikukata. Alipokea. Alijua ni mimi kabla sijasema. Aliniambia kwamba siku ile ya kwanza alitaka kumweleza mama kuwa amekosea namba, lakini alikuwa ameshaanza kuongea, na mama yake yeye alifariki akiwa chuoni, na hakupata nguvu ya kumkatiza. Hakuelewa kitu. Siku nyingine alikuwa anasahihisha madaftari huku akisema ee. Aliwaambia watu wa televisheni kwamba yeye ni kaka kwa kuwa aliogopa wasipomkubali mama ataumia. Sasa wazazi wa wanafunzi wake wote wameona kipindi na kuitambua sauti yake. Wanamwita tapeli barabarani, watoto wanamwimba, mwalimu mkuu amemwita ofisini.

"Laini hii naivunja leo, dada. Mwambie mama..." Hakumaliza. Kisha akasema, "Mimi nafundisha sayansi. Jibu lilikuwa sikio. Ungesoma tu."

Nilimwomba asiivunje. Nilimwomba sana. Jioni ile mama alipopiga, yule mwanamke wa kwenye mitambo alikuwa amerudi. Haipatikani. Mama aliiweka simu juu ya kinu, akasonga ugali. Hakunilaumu, na hakuzungumza nami. Alipiga kesho yake na keshokutwa, kisha akaacha. Nilirudi kazini. Niliposikia kwa jirani, kwa simu, kwamba mama ameacha kuimba na anakamua akiwa amenyamaza, nilikwenda stoo ya mataulo nikafunga mlango.

Mvua zilipoanza, akanipigia. Ilikuwa saa yake ileile ya jioni. Niliona jina lake, nikapokea kwa haraka.

"Mura," akasema. Ndivyo mama wa kwetu anavyomwita mwanawe wa kiume.

Nilimjibu kwa Kikurya. Ni mimi, mama, ni binti yako, kuna nini? Nilisikia kuku na moto. Kisha akakata.

Jioni iliyofuata akapiga tena. Wageni wawili walikuwa mbele yangu na vumbi la hifadhi mpaka kwenye nyusi, wanataka ufunguo wao. Niliwapa, nikageukia ukuta.

"Mura."

"Ee, mama," nikasema, kwa Kiswahili.

Akavuta pumzi, akaanza. Alinieleza ng'ombe yule mwekundu amezaa, ndama ana alama kwenye paji. Alinieleza mvua imeteremsha mawe, kwa hiyo njia ya kuzunguka imekuwa mbaya, lakini anapita hivyohivyo. Alisema hakumbuki kama panga la kaka liliachwa darini au kwa fundi. Liko darini, nililiona mwenyewe. Nilijiuma mdomo. Ee, mama. Anapiga kila jioni sasa, na sijawahi kumwambia panga liko wapi.

Jana alizungumza kidogo, nikadhani amemaliza. Kisha akauliza, polepole, kwa sauti ile ya zamani ya kuzungumza na ukuta.

"Siku ile, nilipokuita. Ulinisikia?"

"Ee, mama," nikasema.